Vidole Viwili vya Baba Yako

Ninaikumbuka Jumapili moja ya ujana wangu, Zuhura mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka hata siku ya harusi yangu. Kaa hapo mkekani unisikilize. Hiyo simu iweke chini, tena kifudifudi, maana mie simu inayonitazama siiamini. Nikikumalizia habari ya Jumapili hiyo utajua kwa nini asubuhi hii nimempigia mjomba wako nikamwambia asiende kurudisha posa ya Idrisa.

Usinitolee macho. Najua ni mimi niliyemwambia aende.

Enzi hizo nilikuwa naishi Temeke kwa shangazi yangu aliyenilea, Bi Kidawa, Mungu amrehemu. Jirani yetu alikuwa Bi Shemsa, Mwarabu, mwenye duka pale kona. Huku bara televisheni zilikuwa za kutafuta kwa tochi, lakini ndugu zake walimletea moja pamoja na deki ya video, na kanda za tamthilia ya Kizungu ya watu wanaosafiri angani ndani ya chombo cha chuma, leo wako nyota hii, kesho nyota ile. Jina lake la Kizungu lilitushinda. Sisi tuliiita Chombo tu, na kila Jumapili baada ya alasiri nusu ya mtaa tulivua viatu barazani kwa Bi Shemsa tukajipanga sebuleni kuitazama.

Kiingereza hatukijui. Mkalimani wetu alikuwa Nassoro, mtoto mkubwa wa Bi Shemsa, kijana aliyesoma, mwenye sauti nene na maneno matamu. Alisimama kando ya televisheni; Mzungu akisema neno, yeye analigeuza papo hapo, tena anaongeza chumvi. Tulicheka, tulilia, kisha sehemu ikiisha Bi Shemsa anasimama mbele yetu na kusema, haya, maksi. Hapo kila mtu anainua vidole. Kumi ni sehemu nzuri kupita kiasi, ngumi ni takataka. Iliyopata vidole vingi tuliirudia Jumapili inayofuata, tukaitazama upya na kubishana upya. Ndiyo maana nilikucheka uliponiambia kurudia vipindi na kuvipa maksi ni mambo ya vijana wa siku hizi. Sisi tulikuwaga tunafanya hivyo kabla hujawaziwa.

Baba yako Rajabu naye alikuwa anakuja. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa Tabora, mpole, maneno yake ya kupimwa kwa kijiko. Alikuwa ameniposa na posa imekubaliwa, tunangoja harusi. Kasoro yake ilikuwa moja. Kila Jumamosi alikwenda Gongo la Mboto, na ukimuuliza kuna nini anakujibu ana shughuli. Shughuli gani, hasemi. Na mie unanijua nilivyo. Mtu akiniambia habari za asubuhi huwa nachungulia nje kwanza.

Basi Jumapili hiyo ikawekwa sehemu ya mgeni. Wale watu wa Chombo wanamwokota angani mwanamume mmoja aliyeharibikiwa, wanamtia ndani, wanampa chakula na pa kulala. Uso wake mzuri, mpole, haongei sana. Nassoro akaanza kutafsiri. Akasema huyu mgeni ni tapeli, ana mke na watoto kwenye nyota ya mbali, na hapa amekuja kumhadaa dada yake nahodha. Akasema kila mwisho wa juma anawaaga wenzake eti anakwenda kikazi, kumbe anakwenda kwa mkewe. Watu wakaanza kuguna. Mmoja akageuka kumtazama Rajabu, akageuka na wa pili. Mwisho sebule nzima inamtazama yeye, televisheni imeachwa inaongea peke yake.

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto.

Bi Shemsa alipoita maksi, vidole kumi kila upande. Mimi mwenyewe niliinua kumi, kwa hasira. Rajabu akainua viwili tu, akavishikilia juu huku ananitazama mimi. Nikasema moyoni, mwenye dhambi hujishuku. Kama hana lake jambo, sehemu nzuri hivi ataipaje mbili?

Tangu hapo nikamnyima hata salamu. Akija barazani nami naingia ndani. Nassoro akawa anapitapita kwetu na ubuyu kwenye karatasi, ananipa pole, ananiambia wanaume wa bara ndivyo walivyo, dada yangu, wewe mshukuru Mungu umejua mapema. Nilimwona mtu mwema. Ubuyu wake niliula wote.

Nikaenda kwa shangazi na kumwambia arudishe posa. Nilimkuta uani anakamua nazi. Akaniuliza Rajabu amekosa nini, nami nikamweleza yote, mke wa siri, safari za Jumamosi, watoto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umeyasikia kwa nani?"

"Kwa Nassoro."

"Na yeye kayasikia kwa nani?"

"Kwa televisheni." Shangazi alicheka mpaka chicha ikamtoka mkononi. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akanitazama kwa jicho lile lililonifanya nikae kitako bila kuambiwa.

"Unataka kunivunjia heshima yangu na watu wa Tabora kwa maneno ya sanduku," akasema, "tena sanduku lenyewe hulielewi mpaka usimuliwe? Inuka. Nenda kwa mwenye habari, mchana kweupe, umuulize. Akikudanganya utamwona usoni."

Nilikwenda. Nilimkuta Rajabu nje ya duka la Bi Shemsa ananunua sabuni, nikamuuliza hapohapo, Gongo la Mboto kuna nani. Hakukasirika. Alisema Jumamosi nijiandae twende wote.

Tukaenda. Mlango ukafunguliwa na mwanamke, na watoto wawili wakamrukia. Nikasema, ndio hao, wallahi. Kisha nikawasikia wanamwita mjomba. Alikuwa dada yake, shangazi yako Tatu unayemjua wewe. Alikuwa ameolewa na mtu ambaye babu yako wa Tabora alimkataa, na babu akapiga marufuku mtoto wake yeyote kukanyaga kwa Tatu. Rajabu alikuwa anakwenda kwa siri, na aliogopa kwamba neno likishafika kwa watu wa Temeke, Tabora nako litafika. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, na harusi ikawa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mie kwangu hayakuisha. Vile vidole viwili vilinibakia kooni. Dada nilimwona, watoto niliwaona, lakini kama mtu hana hatia, kwa nini alione chungu lile lililowafurahisha wote? Nimezaa naye, nimejenga naye hapa Chamazi, nimemuuguza akaniuguza, na bado siku nyingine akichelewa msikitini navikumbuka vile vidole. Sikuwahi kumuuliza. Niliona aibu, halafu nikazoea. Na ile sehemu ya mgeni nikawa naihesabu ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu niliamini ndiyo iliyonifumbua macho juu ya wanaume. Baba yako nilimchukulia kwamba Mungu alinibahatisha tu.

Sasa tuje kwako. Ulipokuja na ule ujumbe wa sauti wa shoga yako Mwajuma, kwamba kamwona Idrisa huko Kawe na mwanamke ndani ya gari, wanacheka, kamshika bega, sikukuuliza swali hata moja. Nilisema aha, nilijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwagiza mjomba wako arudishe posa leo, nikakwambia ulale, ule, usilie. Ukaitafuta Chombo mtandaoni ili unifurahishe na wewe ujisahau, ukaileta kwenye flashi, tukaanza kuitazama tena toka mwanzo, wewe unaandika maksi kwenye simu yako na mie nainua vidole vyangu kama zamani. Ulivyo na mkono wa birika! Kila sehemu, "Mama, mie natoa nne." Nikakwambia ngoja ufike kwa mgeni. Nilitaka uione ili ujifunze, moyo wako usije ukarudi nyuma.

Jana tukafika. Nilimwona yule mgeni anaingia na uso wake uleule, nikakugusa goti nikasema mtazame huyo, mwongo mkubwa. Wewe ukanitazama. Ukasema, "Mama, hajasema hivyo." Nikakwambia rudisha nyuma. Ukarudisha, ukanisomea maandishi ya chini, na mambo yakawa mengine kabisa. Sikukuamini, mwanangu, samahani, lakini ndiyo nilivyo. Nikakutoa nje ukainjike chai, nikamwita Mwalimu Neema wa nyumba ya pili aje anitafsirie peke yake, bila kumwambia ulichosema wewe.

Naye akasema vilevile. Hakuna mke wa siri wala dada wa nahodha. Maji yalikuwa yanapungua ndani ya chombo, na wote wakamshuku mgeni kwa sababu ni mgeni. Wakamfungia, wakataka kumtupa nje. Mwisho ikaonekana tangi limepasuka siku nyingi, kabla hata hajaokotwa. Nahodha akamwomba radhi, na yule mgeni akakataa kubaki nao. Akasema mmenipa chakula, mmenipa kitanda, lakini hamkuniuliza.

Ilikuwa kama nimepigwa kofi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mie nilicheza ngoma ya Nassoro bila kutazama mkono wake uko wapi. Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya Rajabu, Bi Shemsa alimletea shangazi yangu maneno ya kunitaka kwa mwanawe, na shangazi akamjibu mie bado mdogo. Nilikuwa nayajua hayo siku zote, ila sikuwahi kuyaweka pamoja na ule ubuyu. Mimi, ninayeshuku mpaka muuza maziwa! Nassoro siku hizi yuko Maskati na wajukuu zake. Dini inasema nimsamehe. Bado nafikiria.

Uliporudi na chai ukasema tutoe maksi. Wewe ukatoa sita, Mwalimu Neema saba. Baba yako alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, tunadhani amesinzia. Akainua vidole vyote kumi.

Mengine hukuyasikia, maana nilingoja mwalimu aondoke na wewe uingie kuoga. Nikasogeza kigoda mpaka karibu yake na kumuuliza ile siku kwa Bi Shemsa kwa nini alitoa viwili.

Baba yako akasema, "Mie nilikuwa karani, mama Zuhura. Kiingereza nilikuwa nakisikia." Alikuwa amekaa kwenye sebule ile, kwa sikio moja anamsikia mtu asiye na kosa anajitetea, kwa sikio jingine anamsikia Nassoro anamfanya tapeli, na macho ya mtaa mzima yako juu yake. Vile viwili vilikuwa maksi ya Nassoro.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ileile. Akaniambia nyumba ilikuwa ya mama yake Nassoro, na yeye angesema tafsiri ni ya uongo ningemshuku maradufu. Hapo kweli alinijua. Akasema aliamua kungoja nimuulize mwenyewe.

"Lakini nilikuuliza," nikamwambia. "Nje ya duka, unanunua sabuni."

"Uliniuliza habari ya Jumamosi," akasema. "Vidole hukuniuliza."

Akafumba macho, na mimi nikalia, Zuhura. Nililia kwa sababu miaka yote hii alikuwa anajua kuna kitu kimenibakia, na alikuwa bado anangoja.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Sikwambii usishuku. Atakayekwambia hivyo mshuku huyo. Dunia ina watu wabaya na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ninachokwambia ni kwamba ukishuku, anza na mkalimani. Habari ya mtu ikikufikia kwa mdomo wa mwingine, iwe mdomo wa Nassoro au ujumbe wa sauti kutoka Kawe, jiulize kwanza mwenye mdomo ana nini ndani yake. Mwajuma simhukumu, huenda macho yake yaliona kweli. Lakini bega aliliona yeye, maana ya bega ameitia yeye. Na mie mama yako nikaitia yangu juu yake, nikataka kukufanyia wewe kile ambacho shangazi yangu alikataa kunifanyia mimi.

Kesho mchana mwite Idrisa aje hapa barazani. Muulize kuna nani Kawe, na umtazame usoni. Akiwa mwongo utaona, na posa nitairudisha mimi mwenyewe kwa mikono yangu, mjomba wako atanifuata nyuma. Akiwa mkweli, usimwache aondoke na swali lako lolote limebaki. Lile dogo linaloona aibu kutoka mdomoni, na hilo mtolee, hata likiwa la vidole viwili.

Nenda mwanangu. Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, na akupe mume anayejibu. Akukinge na watamu wa maneno wote, wa karibu na wa Maskati. Akuzeeshe na mtu ambaye usiku huna unachomdai. Sasa nipishe, nikamwekee baba yako maji ya kuoga. Nina mengine mawili matatu ya kumuuliza.