Taa Zilipofifia Darasani Schaerbeek

Siku ya kwanza ya kozi, Monsieur Vanhamme hakuwafundisha kuwasha kompyuta. Aliwafundisha kuizima.

Kuwasha, alisema, hata mtoto anaweza. Kuna kitufe kimoja tu, nacho kinangoja kidole. Kuzima ndiko kunakotaka shule. Mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote, una shughuli zake ambazo jicho halizioni, na ukiukatia umeme kabla haujazimaliza unauacha na mambo nusunusu. Kwa hiyo unabofya pale chini pembeni, unachagua kufunga, unangoja. Skrini inakuwa nyeusi, kisha yanatokea maneno ya rangi ya chungwa: sasa unaweza kuzima kompyuta yako kwa usalama. Hapo ndipo unapobonyeza kitufe, si kabla.

"Atakayekata umeme kabla ya maneno hayo," alisema akipita kati ya meza, mikono mgongoni, "siku ya mtihani ameanguka. Hata kama mengine yote ameyapata."

Wanafunzi wote waliandika isipokuwa Mwadi Kalenga, aliyekaa mwisho wa safu ya dirishani. Yeye alikuwa bado anayatazama yale maneno ya chungwa. Aliyapenda. Katika maisha yake alikuwa ameacha vitu vingi, na hakuna kilichowahi kumwambia kwamba sasa anaweza kuondoka salama.

Mwadi alikuwa na miaka arobaini na saba. Karibu miaka ishirini alikuwa sekretari katika kampuni ya migodi huko Likasi, Katanga. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, lakini yeye alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akaolewa Likasi. Kasai aliijua kwa hadithi tu. Ulipofika mwaka ambao watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, yeye na mumewe Donat walilala wiki nyingi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, pamoja na maelfu ya wengine, na walizika watu palepale kando ya reli. Mwaka 1994 dada yake aliyekuwa Brussels aliwavuta huko. Tangu hapo waliishi mtaa wa Saint-Josse, juu ya duka la mkate la Waturuki, na Donat, ambaye zamani alikuwa fundi wa maabara, alikaa dirishani akitazama watu wakinunua mkate.

Kazi ilikuwapo, na ilikuwa na jina la Mwadi. Polycarpe, mtu wa Likasi aliyemfahamu tangu enzi za ofisi, aliendesha chama kidogo cha kuwasaidia wageni wapya, vyumba viwili tu, mtaa wa pili kutoka kwake. Manispaa ilikubali kumlipia sekretari mmoja. Sharti lilikuwa cheti cha kozi ya kompyuta, na mwisho ulikuwa Juni.

"Maman Mwadi, kiti ni yako," Polycarpe alimwambia. "Mi nilishakichagua, kiko na mugongo muzuri. Lakini bila brevet, commune haitakubali."

Basi kuanzia vuli ya 1996, jioni mbili kwa wiki, Mwadi alipanda tramu hadi shule ya ufundi ya mtaa wa jirani, Schaerbeek. Kibodi haikumsumbua, vidole vyake vyote kumi vilijua njia. Kipanya ndicho kilichomtoa jasho. Alikishika kwa nguvu kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinja.

"Maman, iache ipumue!" alicheka Rolande, msichana wa Bukavu aliyekaa karibu naye. "Utaua panya ya serikali."

"We chekacheka tu, na bidole byako mbili. Unapiga kama kuku iko nakula muchele."

Wakafanya biashara ya kubadilishana. Rolande alimfundisha kukiendesha kipanya kwa kiganja kilicholegea, naye akamfundisha Rolande kuandika bila kutazama mikono. Kufikia Pasaka, Rolande alikuwa anaandika vizuri kuliko wote darasani ukimtoa Mwadi mwenyewe.

Jioni moja wakingoja tramu, taa ya barabarani juu yao ikizimika na kuwaka, Mwadi alimsimulia mambo ya umeme wa Likasi.

"Kwetu courant haikatikaki tu hivi. Inashuka kwanza. Taa, ile ampoule, inakuwa njano, inafanya hivi, hivi. Apo, donc, usingoye. Unatoa prise ku ukuta! Sababu ikirudia, inarudia na kasirani, inaunguza byote."

"Na patron kama iko natumia machine?"

"Patron mwenyewe njo anapiga kelele: Mwadi, prise!"

Kila ofisi ilikuwa na mtu wake wa karibu na ukuta, wa kuchomoa plagi taa zikishuka, naye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mashine zote. Katika ofisi ya Mwadi mtu huyo alikuwa yeye. Mara moja aliruka juu ya kiti, akaichomoa plagi ya mashine ya fotokopi ikiwa imebaki kidogo tu umeme urudi. Ofisi ya jirani yote iliungua, yao ikabaki nzima. Sikukuu ya Krismasi mkurugenzi alimsimamisha mbele ya watu, wakampigia makofi, akapewa kitenge.

"Bon," Rolande alisema, "kumbe maman yangu ni pompier, zimamoto ya courant."

Walicheka hadi tramu ikafika.

Mtihani ulipangwa Jumamosi moja ya Juni, asubuhi. Jambo hilo lilikuwa dogo na hakuna aliyelifikiria. Mwaka mzima walikuwa wamesoma jioni, wakati jengo lote limelala. Asubuhi, ghorofa ya chini ilikuwa ya wanafunzi wa uchomeleaji wa vyuma, na siku hiyo nao walikuwa na mtihani wao.

Mwadi alivaa kile kitenge. Nchi yake ilikuwa imebadilishwa jina mwezi uliopita, na Donat alikuwa ameamka anaisikiliza redio kama alivyofanya kila siku, lakini asubuhi hiyo aliizima, akamsindikiza mkewe hadi chini kwenye duka la mkate. Hakuwa ameshuka ngazi hizo tangu majira ya baridi.

"Alors, maman sekretari," alisema. "Rudia na hiyo kiti yako."

Darasani mambo yalikwenda vizuri. Aliunda folda, akazipa majina. Alitafuta faili lililofichwa, akalipata. Alihamisha, akafuta, akarudisha kilichofutwa. Kiganja chake kilikuwa kimelegea. Kazi ya nne ilikuwa kunakili folda nzima kwenye disketi, na alipobofya alitazama vikaratasi vidogo vikiruka kwenye skrini kutoka folda moja kwenda nyingine, na disketi ikakoroma ndani ya mashine. Ilibaki kazi moja baada ya hiyo, ya kuufunga mfumo. Ile aliyoijua tangu siku ya kwanza.

Taa za darini zikafifia.

Zilirudi, zikafifia tena. Kutoka chini ilisikika sauti kama ya mafuta yanayochemka kikaangoni, na ukingo wa skrini ya Mwadi ukatetemeka, ukajikunja kwa ndani kidogo.

Kilichofuata hakikupitia kichwani. Mazoea yana taabu, na haya yalikuwa ya miaka ishirini. Waya mrefu uliolisha kompyuta zote sita za safu ya dirishani ulichomekwa ukutani, hatua moja tu kutoka kiti chake. Mwadi aliinama, akaikamata plagi kama inavyotakiwa, akaitikisa kidogo ili waya usikatike, akaivuta.

"Courant!" alipiga kelele. "Toeni prise! Toeni prise!"

Skrini sita zikafa pamoja.

Alisimama na plagi mkononi. Na hili hakumwambia hata Donat baadaye: kwa kitambo kile kifupi alikuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja kushukuriwa.

Halafu aliona kwamba safu nyingine, ile ya ukutani, kompyuta zake bado zinawaka. Taa za darini zilikuwa nyeupe na tulivu. Watu wote walikuwa wamemgeukia, na mwanamume mmoja wa safu yake alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili akiita kazi yake kama mtu anayeita mtoto.

"Madame Kalenga," alisema Monsieur Vanhamme, "umefanya nini?"

"Courant ilishuka, monsieur."

Mwalimu alitazama juu, akatazama plagi. Ilimchukua muda kuelewa. "Chini wanachomelea vyuma. Taa zinafifia kidogo, basi."

"Ingerudi na nguvu. Ingeunguza mashine zote."

"Hapa haiunguzi kitu, madame."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo, na Mwadi alihisi uso wake ukiwaka moto.

"Monsieur, alikuwa anatuokoa!" Rolande alisema, na mtu wa nyuma akacheka.

Mwalimu aliichukua plagi kutoka mkononi mwake, akaichomeka. Kompyuta ziliamka moja moja, zikalalamika kwamba hazikufungwa ipasavyo, zikajikagua. Kazi za wengine zilikuwa zimehifadhiwa ndani, kwa hiyo waliongezewa muda wakaendelea. Disketi ya Mwadi, iliyokatiwa katikati ya kuandikwa, haikusomeka tena.

"Naweza kuanza upya?" aliuliza.

Mwalimu aliitazama disketi. Safu zote mbili zilikuwa zinasikiliza, vidole vimesimama.

"Sheria niliitoa siku ya kwanza," alisema hatimaye. "Kwa wote. Septemba kuna mtihani wa pili, madame, na najua utaupita."

"Ana kazi inamngoja mwezi huu," alisema Rolande, safari hii bila utani wowote.

"Kila mtu hapa ana kazi inayomngoja, mademoiselle."

Mwadi hakubisha. Angeweza kueleza kuhusu Polycarpe, kuhusu kiti, kuhusu manispaa. Lakini mtu aliyelala kwenye stesheni akingoja treni anajua uso wa mtu ambaye hatabadilisha neno, naye aliutambua. Alikaa mbele ya mashine yake hadi mwisho, kwa sababu kutoka nje peke yake, mbele ya macho yale, kulikuwa kugumu zaidi. Mwalimu alipowaamuru wafunge, naye alifunga. Alibofya pale chini pembeni, akachagua, akangoja. Maneno ya chungwa yakatokea. Aliyasoma yote, kisha akabonyeza kitufe. Alifanya bila kosa hata moja, na hakuna aliyempa alama.

Polycarpe alikwenda manispaa mara mbili kuwaomba wasubiri hadi Septemba. Walimjibu kwamba nafasi isiyojazwa Juni inapewa chama kingine. Alikuja kumwambia Mwadi mwenyewe, akasimama katikati ya chumba na kofia mkononi.

"Mi niko na haya, maman. Nilijaribu yote."

"Haya ni yangu, papa. We ukae chini, unywe chai."

Hakunywa.

Siku chache baadaye aliyebisha hodi alikuwa Rolande. Alikuwa ameshika mkate wa duka la chini, bado wa moto, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikuwa hana la kuchekesha. Alibaki mlangoni.

"Maman, papa Polycarpe aliniita. Anatafuta muntu wa Kiswahili mwenye brevet."

"Nilishajua."

"Nikatae?"

Mwadi alichukua mkate, akaupima uzito mkononi. "Ukikatala, batanipa miye?"

Rolande alitazama sakafu.

"Basi enda. Na usipige na bidole mbili pale, utanipatisha haya."

Msichana alitaka kumkumbatia, lakini Mwadi alikuwa ameshika mkate kwa mikono yote miwili mbele ya kifua, na kumbatio likakosa pa kupita. Rolande akashuka ngazi.

"Huyu mutoto alikuwa nataka nini?" Donat aliuliza kutoka dirishani, bila kugeuka.

"Alileta mukate."

Redio ilikuwa imewashwa tena. Donat hakushuka ngazi mwezi ule, wala ule uliofuata.

Septemba Mwadi hakwenda kwenye mtihani wa pili. Alimwambia Donat kwamba ni kwa sababu ya kazi mpya, na ni kweli mtihani ulianza kabla zamu yake haijaisha. Ni kweli pia kwamba hakuomba ruhusa. Alikuwa ameanza usafi katika jengo la ofisi, mtaa wa Forest, alfajiri, kabla wenyewe hawajafika. Siku ya kwanza msimamizi, mwanamke wa Kireno mwenye haraka, alimwonyesha soketi ya kuchomekea mashine ya kufyonza vumbi. Kisha akamwonyesha nyingine, iliyozungushiwa utepe mwekundu.

"Hii ni ya kompyuta. Hii usiiguse kamwe. Umeelewa?"

"Ndiyo, madame. Najua."

Asubuhi moja ya Novemba lifti ilianza kupanda, na taa za ukumbi zikafifia. Mwadi alikuwa kati ya meza, fimbo ya deki mkononi. Skrini za kompyuta zilizoachwa zikiwaka usiku kucha zilitetemeka kidogo kwenye kingo. Soketi ya utepe mwekundu ilikuwa hatua moja kutoka mguu wake.

Aliishika fimbo kwa mikono miwili, akaibana hadi vifundo vya vidole vikamwuma, akasimama hivyo hivyo.

Taa zilitulia zenyewe. Akasogeza ndoo, akaendelea kupiga deki.