Shamba la Bi Somoe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Jana nilipokuona unarudi kutoka shamba la jirani yetu Mama Shaibu, kiroba cha kisamvu kimejaa mpaka hakifungiki, ilinijia upya. Kaa hapa. Chai ikipoa, na ipoe.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi hapa Likombe. Watoto wa ukoo wa mume wangu walikuwa wanatoka jandoni, wageni wanakuja mpaka wa kule Ruvuma, na mama mkwe akanikabidhi chungu cha kisamvu. Unajua maana yake: wanawake wote wataonja mkono wako, kisha watakusema. Kwetu majani yalikuwa yamekwisha. Nikaenda kwa Bi Somoe, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili kwa kishamba kimoja cha muhogo. Nikamwamkia, nikaomba mboga.

"Chuma, mwanangu," akasema. "Ila zunguka. Huku kidogo, kule kidogo. Usiuache mti uchi."

Nikaitikia, ndiyo bibi. Mstari wa kwanza nilichuma kwa adabu. Kisha nikaona jua linapanda na kiroba bado, nikaanza kukwanyua. Machanga nikatia ndani, yaliyokomaa nikayaacha yamelala chini. Nilijiambia majani yataota tena kama nywele, anachotaka yeye ni mizizi. Nikaondoka shamba zima limebaki vijiti.

Kisamvu nilikitia karanga na tui zito. Nilisifiwa mpaka kichwa kikavimba. Bi Somoe naye alikula, akaniambia mkono wangu mtamu. Kumbe alikuwa ameshapita shambani kwake, ameshaona. Hakutaka kuniumbua mbele ya watu.

Kiangazi kikaingia. Majani yaliota, ndiyo, lakini miti iliyaotesha kwa kula akiba yake yenyewe huko chini. Wakati wa kuchimba aliniita. Aling'oa shina mbele yangu, likatoka na vimizizi vyembamba kama vidole vya mtoto. Akang'oa jingine, yale yale.

"Uliuvunjia mti jiko lake," akasema taratibu. "Ungepikia wapi?"

Msimu ule yule mama mtu mzima aliingia porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya mwituni, ili wajukuu wapate cha kutafuna. Alikuwa akipita mlangoni kwangu, mgongo umepinda, nami najificha nyuma ya pazia. Nilimpelekea unga, lakini kwa mkono wa watu wengine. Neno "nisamehe" sikumwambia mpaka tukamzika.

Na wewe huna hata kisingizio changu, maana ulinisomea haya mwenyewe ulipokuwa shule, tena kwa sauti ya kujidai! Mzizi unaleta maji, jani linavuta hewa, jua ndilo moto. Jani linapika sukari, sukari inashuka, huko chini inakuwa muhogo. Mti haupikiwi na mtu, unajipikia, na sisi wengine wote tunakula kwake. Mbuzi anakula jani, sisi tunamla mbuzi. Kule mto Ruvuma unapoingia baharini, kaa na kamba wanashibia majani ya mikoko yanayooza kwenye tope, na samaki wanawala wao. Uliyajua yote hayo, ukarudi na kiroba kile.

Basi nisikilize. Ukichuma, zunguka. Acha majani ya kuutosha mti kwanza, maana wewe ni mgeni kwenye chungu chake. Ukipewa ruhusa ya mboga, usichukue na chakula cha mwaka cha mwenye shamba. Na ukishakosa, nenda siku ile ile, kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako. Usiwe kama mimi.

Huyo Mama Shaibu uliyemchumia jana, mwanangu, ni mjukuu wa Bi Somoe. Alikulia kwenye ming'oko ile. Shamba ni lile lile. Nipe mtandio wangu, twende sote. Wewe utasema lako, nami nitasema langu nililolibeba miaka yote hii. Mungu akujalie mkono unaojua kubakiza, na akusitiri na uzee wenye aibu kama huu wangu.