Tundara wa Barazani kwa Obbo

Ojulong hakuwa mwalimu. Nalisema mapema, maana mtaa mzima pale Tororo ulimwita Mwalimu, na yeye akawa anaitika. Alikuwa mjaza mifuko kwenye kiwanda cha saruji, mtu wa kurudi nyumbani na nyusi nyeupe kama mzee wa miaka themanini, na shule aliiacha njiani baba yake alipouza ng'ombe wa karo ili aoe mke wa tatu. Lakini kusoma, jamani, kusoma alikujua! Mpe gazeti lililofungiwa sukari, atakusomea bei za pamba mpaka uombe arudie.

Uhuru ulikuwa bado mchanga alipovuka mpaka pale Busia kwenda kununua viatu, akarudi na kitabu. Miguu ile ile ya saruji, peku, na kitabu kwapani. Mkewe Akullo alimtazama, akaingia jikoni, na jioni ile chakula kilitengwa bila neno. Kitabu chenyewe kiliitwa Mlima Usiolala. Kilikuwa hadithi ya Wazungu iliyotiwa Kiswahili, habari za mlima unaomeza watoto, na za Kirago, mfuga nyuki mzee, mfupi, mwenye upara, aliyekwenda kuwadai watoto hao kwa Mfalme wa Majivu.

Kila Jumapili baada ya ibada, watu walikusanyika kwenye baraza ya Obbo fundi cherehani, Ojulong akawasomea. Obbo alisimamisha cherehani yake, na Obbo hakuwa mtu wa kusimamisha cherehani hata kwa mazishi ya jirani. Kutoka pale barazani Mwamba wa Tororo ulionekana wote, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mlima wa kitabuni unafananaje. Ndio ule pale, wamekaa wanautazama.

Mbele kabisa, juu ya kikapu alichokipindua, alikaa Asekenye, mwanamke aliyeuza samaki wakavu kutoka upande wa Busia. Mguu wake wa kushoto ulinyauka kwa ugonjwa tangu utotoni, akitembea anauburuta. Sokoni walimwita Kiguru, usoni kwake, kama jina alilobatizwa nalo. Alikuwa akiitika pia. Ungefanyaje, na samaki lazima wauzwe?

Basi, Jumapili moja Ojulong akafika pale anapoingia Tundara, mwanamke aliyetunza ufunguo wa mlima. Macho yake yalitangulia mdomo, kama yalivyo macho ya msomaji, yakaona sentensi: "Mguu wake ulipinda kama roho yake." Akainua uso. Asekenye alikuwa amenyoosha ule mguu juani, mdomo wazi, anangoja.

Ulimi hauna mfupa. Ojulong akasema, "Mguu wake ulipinda, lakini roho yake ilinyooka."

Asekenye akavuta pumzi. Obbo akasema, "Eeeh!" Na kitu kikafungwa hapo ambacho Ojulong hakuweza tena kukifungua. Maana kitabuni Tundara ni mwovu mwanzo mwisho. Anauza ufunguo kwa Mfalme wa Majivu, anawacheka watoto wakilia, na mwisho anatupwa motoni na watu wanacheza ngoma. Mzungu aliyekiandika hakumhurumia hata kidogo. Ojulong sasa ilimbidi amgeuze kila alipotokea. Pale alipouza ufunguo, Ojulong akamfanya aufiche. Pale alipocheka, akamliza. Na pale alipotupwa motoni, Ojulong, jasho likimtiririka, akasema aliingia mwenyewe, akawatoa watoto mgongoni, na wa mwisho akambeba kwenye nyonga ya ule mguu mbovu. Wanawake walipiga vigelegele. Asekenye alilia mpaka akacheka, na jioni akamletea Akullo samaki wa kutosha juma zima. Ojulong alikula kidogo, akasema tumbo linamsumbua.

Tangu siku hiyo sokoni hakukuwa na Kiguru. Kulikuwa na Tundara. "Tundara, hawa samaki ni wa leo?" "Tundara, nipunguzie." Hata kutembea alitembea vingine, kichwa juu, mguu ukiburutwa kama mzigo wa mtu mwingine. Watu wakadai kitabu kisomwe tena, na tena, na Ojulong akasoma vile vile, maana uongo wake alishaukariri vizuri kuliko Baba Yetu. Akaanza hata kujisifu moyoni kwamba Tundara wake ni bora kuliko wa mwandishi. Mjinga! Alijiona mtunzi.

Miaka ikaenda. Ndipo tangazo likabandikwa kwenye ukumbi wa sinema pale mjini: Mlima Usiolala umekuwa picha, utaonyeshwa Jumamosi mchana. Baraza nzima ilichangamka kama ya harusi. Obbo alijishonea shati. Asekenye alifunga kitambaa kipya kichwani, akakaa katikati yao, akawaambia waliokuwa nyuma, "Leo mnaniona mimi."

Ojulong alikaa kandokando yake. Akajipa moyo kwamba huenda wenye picha nao wamebadilisha.

Na kweli walibadilisha! Kirago, mzee wetu mfupi wa upara, alitokea akiwa kijana mrefu mwenye nywele za dhahabu, juu ya farasi, anaimba. Nyuki hata mmoja hakuonekana. Mlima ulikuwa mweupe kwa theluji. Obbo alisimama gizani akapiga kelele, "Nyuki wapi? Mzee wangu wapi? Huyu mtoto nani?" Watu wakamkalisha kwa nguvu. Ojulong akapata tumaini kidogo, maana kama walimharibu Kirago kiasi kile, Tundara angeweza kuponea papo hapo.

Tundara akaingia akiburuta mguu. Wenye picha walikuwa wamemwongezea kibyongo tu. Mengine yote yalikuwa kama kitabuni, neno kwa neno: akauza ufunguo, akacheka, akatupwa motoni, na ukumbi mzima, watu ambao hawakuijua baraza ya Obbo, wakapiga makofi. Vijana wawili watatu wa sokoni waligeuka wakamtazama Asekenye. Yeye alitazama mbele tu. Ojulong alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake.

Nje, juani, watu wa baraza walikuwa moto. "Hawa watu naharibu kitabu yetu!" Obbo alifoka. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye kitabu. Sema!"

Haya. Angesema. Palepale, mlangoni, wangekasirika, wangemzomea, yangeisha. Badala yake Ojulong alitazama viatu vyake, akasema, "Wameharibu. Kirago wameharibu, na... na Tundara pia."

Asekenye akamshika mkono mbele ya watu wote. "Asante, Mwalimu," akasema. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na Ojulong akaona aibu kubwa kuliko zote alizowahi kuona.

Siri ya maiti aijuaye mwosha, wamesema, lakini hakuna aliyewahi kuuliza mwosha analalaje. Sokoni lile jina zuri likageuka matusi. "Tundara! Ufunguo uliuza kwa bei gani?" Vijana walimwigiza mwendo, na kibyongo juu, ambacho hata hakuwa nacho. Asekenye aliwajibu bila kuinuka: "Ninyi mmeona picha. Sisi tuna kitabu. Nendeni mkamuulize Mwalimu." Ojulong akaanza kurudi kutoka kazini kwa njia ya reli, mzunguko mkubwa, ili asipite sokoni. Barazani akasema kifua kinambana kwa vumbi la saruji, hawezi kusoma. Kifua kilibana kweli, ila si kwa vumbi.

Kanisani wakati huo palikuwa na darasa la watu wazima, na Asekenye alikuwa amejiunga tangu kabla ya ile picha. Wengine waliacha wakati wa kupanda. Yeye hakuacha. Siku moja akamvizia Ojulong kwenye njia yake ya reli, mwanamke wa mguu mmoja mzima amewahi kufika kabla yake, akasema, "Mwalimu, sasa najua herufi zote. Niazime kitabu. Nataka nijisome mimi mwenyewe."

Utamnyima mtu kitabu kwa sababu gani? Ojulong alisema, "Kesho, dada." Jioni akakaa nyuma ya jiko na wembe wa kunyolea, akakata kurasa za Tundara, zote. Kuzichoma hakuweza, maana hakuwa amewahi kuchoma karatasi yenye maandishi. Akazificha ndani ya mfuko mtupu wa saruji chini ya kitanda. Akullo alimwona, akasema, "Wewe mume wangu, unajua unafanya nini?" Ojulong akausukuma mfuko ndani zaidi kwa mguu.

Msimu wa mtama ulipita. Jumapili moja mchana Asekenye akaja nyumbani kwa Ojulong, kitabu kimefungwa ndani ya leso, na penseli sikioni kama fundi. Akapindua kikapu chake uani, akakaa.

"Yoga, Mwalimu," akamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Yoga, dada. Karibu."

"Nimesoma yote. Kirago namjua sasa kwa macho yangu. Lakini pahali pangu hapako. Pamekatwa."

"Panya," Ojulong alisema. "Panya wa humu ndani ni wabaya sana."

"Panya wako anatumia wembe?" Alisema polepole, hakucheka. "Basi, si neno. Wewe unapakumbuka pote kwa kichwa. Nimekuja na karatasi. Sema, mimi naandika, Obbo atatushonea ndani."

Akafunua karatasi juu ya goti zima, akangoja. Ojulong akalamba midomo. "Mguu wake ulipinda," akasema. Asekenye akaandika, herufi moja moja, ulimi nje ya meno. Alipomaliza akainua penseli. "Lakini roho yake..." Ojulong alianza, akaishia hapo.

Mwanamke mzima, na jasho puani, anaandika uongo wa Ojulong kwa mkono aliojifunza kwa taabu, ili uwe kitabu!

"Endelea," Asekenye alisema.

"Dada, si hivyo. Kitabuni si hivyo."

"Najua si hivyo."

Akullo, aliyekuwa akipepeta karanga mlangoni, aliacha kupepeta.

"Kirago ulikuwa unamsoma macho chini," Asekenye alisema. "Mimi nikifika, unainua macho. Nilikuwa nakaa mbele, Mwalimu, unafikiri sikuona? Tangu siku ya kwanza nilijua unanitungia. Nikapenda. Nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kukaa chini na kunitafutia maneno mazuri. Hata siku ya picha nilipokushukuru, nilishukuru kwa hilo."

"Nisamehe."

"Ngoja, sijamaliza. Kutia chumvi si neno, mimi nauza samaki, chumvi naijua. Lakini kukata! Ulifikiri nikisoma nitaanguka nife? Vijana wa soko wananiita kiwete mchana kutwa, mimi nauza samaki, nakwenda nyumbani, nalala. Wewe umechukua wembe. Wewe ndiye uliyenifanya kiwete." Sauti ilimkatika hapo, na lilikuwa jambo baya kulisikia. "Karatasi zangu ziko wapi?"

Ojulong aliingia ndani, akapiga magoti chini ya kitanda, akatoa ule mfuko. Kurasa zilikuwa na vumbi jeupe. Akazipangusa kwa shati lake la kanisani, akarudi nazo, na kwa mazoea akasogeza kiti na kukohoa kusafisha koo.

"La," Asekenye alisema. "Kiti ni changu. Wewe kaa hapo."

Wakabadilishana. Ojulong akakaa juu ya kikapu chenye harufu ya samaki, miguu yake miwili mizima imenyooka mbele yake juani, na hakujua aifiche wapi. Asekenye akasogeza karatasi karibu na uso.

"Mgu-u wa-ke u-li-pi-nda," akasoma, kidole chini ya kila neno, "ka-ma ro-ho ya-ke."

Hakusimama. Akauza ufunguo. Akawacheka watoto. Hakuruka hata neno moja, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Ojulong alitazama chini, machozi yakimdondokea magotini na kuacha alama kwenye vumbi la saruji lililong'ang'ania suruali, na hakuyafuta kwa sababu kuyafuta kungekuwa kumwomba tena msamaha. Jua lilikuwa limezunguka upande wa jikoni alipofika penye moto. Wakamshika, wakamtupa, na watu wote wa nchi ile...

Hapo Asekenye alikwama. Neno lilikuwa refu. Akalijaribu, akalirudia, likakataa. Akaigeuza karatasi upande wa Ojulong, kidole kimekazwa papo hapo.

"Hapa pamesema nini?"

Ojulong aliinama akalitazama neno lile. Alilifahamu tangu zamani, ndilo alilolikwepa kwa vigelegele vya barazani.

"Wakashangilia," akasema.

"Wakashangilia," akarudia Asekenye, akageuza karatasi, akaendelea kusoma.