Babu Anapotia Saa Ufunguo

"Babu, mbona ukitia saa yako ufunguo unatugeuzia mgongo?" mjukuu alimuuliza, akiwa bado darasa la pili.

"Ulimi mrefu kuliko uzi wangu," alisema babu, fundi cherehani. "Niokotee pini hizo."

Mtoto akaziokota, ila macho hakuyabandua. Ile saa ya bei mbaya babu alipewa na mkwewe, baba yake mtoto. Kila asubuhi aliifuta vumbi la chaki kwa kipande cha flana, akaelekea ukutani, akazungusha kidude chake kwa kidole gumba kilichokomaa kwa sindano, akibana pumzi kama anayetunga uzi. Kidude kikianza kuwa kizito tu, aliacha. Sumaku ya pini aliiweka kabati la mbali, isije ikaharibu mwendo wa saa. Siku moja baba aliingia dukani ghafla akamkuta katikati ya shughuli hiyo. Babu alichomeka mkono ndani ya koti la mteja, akaongea habari za mvua mpaka mkwewe akaondoka.

Alipofika kidato cha tatu, mjukuu aliuliza tena. Babu alikata uzi kwa meno kwanza.

"Kesho yake tu baada ya kupewa saa hii, ilisimama. Nilidhani ina betri, mimi. Nikamwita baba yako tapeli, wageni wamejaa sebuleni. Alinivua saa, akaitia ufunguo, akanivalisha tena kama mtoto. Halafu yeye ndiye aliyeniomba radhi, eti alisahau kunielekeza."