Giaboksi kwa Nyasi za Msimu wa Baridi

Mara ya kwanza Eufemio Archuleta kumuuzia Wilma Tsosie nyasi kavu, alirudi nyumbani na nusu ya mzigo. Yule mama hakuzitazama robota za juu. Alipanda lori na viatu vyake vya gereji, akasukuma mkono hadi kwapani katikati ya mzigo, akautoa, akaunusa. Kisha akaanza kutupa robota nyingine kushoto na nyingine kulia, kimya kimya, kama mtu anayechambua maharage.

"Za kushoto nanunua," alisema. "Za kulia wapelekee watu wa ng'ombe, wao hawanusi."

Eufemio akaapa kwamba hakujua kama kuna zilizolowa. Alijua. Alikuwa amezipanga katikati kwa mikono yake mwenyewe. Lakini hakuondoka na kinyongo. Alimweka tu miongoni mwa watu wachache wa bonde la San Juan ambao si wa kufanya nao biashara ukiwa na haraka.

Wilma alikuwa fundi wa giaboksi za otomatiki. Alianzia kwenye gereji ya mabasi ya shule, ambako mafundi wenzake walipenda injini na kuzikwepa giaboksi, kwa kuwa giaboksi ina vipande vingi na lawama nyingi. Akazichukua yeye. Alipochoka kuamrishwa, akanunua banda lililokuwa la kuziba pancha kando ya barabara kuu pale Bloomfield, akatia taa na jiko la kuni, akaanza kazi. Kondoo walikuwa wa mama yake. Mama alipoishiwa nguvu wakawa wake. Mchana giaboksi, jioni zizi. Akishakula mkate wa kukaanga na mchuzi wa kondoo, ungeweza kuongea naye bei. Kabla ya hapo, ulikuwa unajitafutia aibu.

Eufemio alimhitaji kwa sababu ya shemeji yake.

Kila Oktoba, nyasi za mwisho zikishakatwa, Eufemio na Orlando Quintana, kaka wa mkewe, hushindana kwa majipu yao, magari ya kupandia miamba. Sharti ni moja. Unaondoka nyumbani kwa magurudumu yako, maili sitini za lami hadi korongoni, unapanda vidato vya mwamba hadi juu, unarudi nyumbani kwa magurudumu yayo hayo. Atakayerudishwa juu ya trela atamchimbia mwenzake sehemu yake ya mfereji mwezi wa Machi, siku ile wenye mashamba wote wanapojitokeza na makoleo kuusafisha kabla ya maji kufunguliwa.

Mwaka uliotangulia, Eufemio alikuwa ametia injini mpya kwenye jipu lake: silinda nane, turbo mbili, nguvu za farasi mia saba. Nyuma ya injini hiyo aliacha giaboksi ndogo aliyokuwa nayo. Kwenye kidato cha tatu oili ilinuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, na jipu likarudi juu ya trela. Machi akachimba. Orlando aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kahawa mkononi, akimwelekeza.

"Pale kushoto, shemeji. Umeacha tope. Farasi mia saba hawawezi kuliondoa hilo?"

Bonde zima lilicheka. Eufemio alianza maisha na lori la kukodi na leo ana maghala matatu. Kuchekwa huku ameinama hakukumkalia vizuri. Kuchimba mara ya pili mfululizo hakukuwa jambo la kufikirika.

Agosti akaenda kwa Wilma, baada ya saa ya chakula.

"Nataka ile ndogo ya gia nne, uiimarishe ndani," alisema. "Nasikia ikitiwa vyuma vizuri inabeba farasi mia saba."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu wanaoziuza." Wilma alikuwa akifuta meza. "Na farasi usiniambie, Bwana Nyasi. Hapa kila anayeingia ana farasi mdomoni. Niambie jipu lina uzito gani, tairi lina kimo gani, na korongoni unafikaje."

Akamwambia. Alipofika kwenye maili sitini za lami, Wilma aliacha kufuta meza.

"Kwa nini usilipakie tu kwenye trela kama watu wazima wengine?"

"Shemeji haruhusu."

"Basi shemeji yako ndiye aliyekuchagulia giaboksi. Njoo."

Alimpeleka ukutani zilikokuwa tatu, zimewekwa juu ya matairi chakavu. Akaipiga ya kwanza teke.

"Hii ina gia tatu. Hutaivunja hata ukitaka. Lakini haina ile gia ya mwisho inayoiacha injini ipumzike barabarani, ovadraivu. Kwa hizo difu zako za gia fupi, za kupandia miamba, injini itapiga kelele maili zote sitini, unafika umechemka na tangi tupu."

"Ndiyo anayotumia Orlando."

"Na Orlando anaendesha polepole, kama anapeleka mayai sokoni. Wewe huwezi, nakujua." Akaipita ya pili bila kuigusa. "Hii ndogo ina ovadraivu, na inaingia bila kukata kitu. Ulikuwa nayo, ukaona mwenyewe. Nikiijaza vyuma vya bei mbaya itakufikisha juu mara moja, labda mbili, halafu utakuja kunitukana mbele ya wateja." Akaweka mkono juu ya ile ya tatu, iliyokuwa ndefu kama ndama aliyelala. "Hii ilitoka kwenye lori lililokuwa likivuta matrela ya farasi, wale wanaokula majani. Gia nne, ya nne ni ovadraivu, na matumbo ni ya lori. Ni nzito, na inataka kompyuta yake. Ndiyo yako."

"Mbona unaipigia debe ya ghali?"

"Ya rahisi ulishaijaribu mwaka jana."

Eufemio alitoa utepe wa kupimia, akaipima ile giaboksi, akatoka nje, akajitupa chali chini ya jipu lake. Aliporudi alikuwa na vumbi mgongoni na uso wa mtu aliyepata sababu ya kupunguziwa bei.

"Haiingii. Jipu ni fupi. Ukiweka mdude huu, propela ya nyuma, ule mhimili wa kuzungusha difu, inabaki fupi kama mkono wangu huu, kiwiko hadi vidole. Itasimama wima na kujikata siku ya kwanza."

Wilma alikwenda, akapima mwenyewe. Ilikuwa kweli. Hakuwa amelifikiria, na hakupenda kuambiwa.

"Basi kanunue jipu refu."

"Au nisogeze difu na magurudumu ya nyuma shubiri moja zaidi nyuma," alisema Eufemio. "Nikate chesisi, niongeze chuma. Kuchomelea najua, trela zangu zote nilichomelea mwenyewe. Na likirefuka kidogo halitainua pua kila kidato."

Wilma alikaa akilitazama jipu. Lilikuwa la marehemu mzee Archuleta, na bado lilikuwa na rangi yake ya kijani.

"Utalikata jipu la baba yako?"

"Baba hapandi tena."

Basi wakaanza bei. Wilma alitaja dola elfu nne, pamoja na kompyuta na kipozea oili chenye feni. Eufemio akasema kipozea anacho, kimoja alichokitoa kwenye lori bovu, kwa hiyo kitolewe kwenye hesabu. Wilma akasema oili ndiyo damu ya giaboksi, na kipozea cha mgonjwa hakitibu mwingine. Eufemio akasema yeye hanunui mashairi. Wakazunguka hapo mpaka kahawa ikapoa.

"Sawa," alisema Wilma mwishowe. "Weka takataka yako. Lakini dhamana yangu ni ile ile ya kila mtu: safari ya kwanza nakaa kiti cha pili, na nikisema simama, unasimama. Usiposimama, nashuka, na dhamana inashuka na mimi."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kwa kila giaboksi kubwa. Wengine walidai ni umbea, kwamba alipenda tu kutembezwa. Eufemio aliona amepata fundi wa safari bure, akakubali.

"Na dola sitaki," Wilma akaendelea. "Nilishie kondoo baridi hii, mpaka majani yaote."

Eufemio alitazama dari kana kwamba anaumia. Kichwani alikuwa amemaliza hesabu. Maghala yamejaa, nyasi Agosti ni bei ya chini, kondoo wa Wilma alikwisha kuwaona zizini na hawakufika hamsini, na majani huota mwanzoni mwa Aprili. Giaboksi ya elfu nne angeipata kwa nyasi za elfu mbili. Akalalamika kidogo kwa ajili ya adabu, akampa mkono, wala hakuuliza zaidi. Jibu alilojipa mwenyewe lilikuwa tamu mno, na mchuuzi akifika hapo huacha kuuliza.

Oktoba ikafika. Orlando aliwasili alfajiri, akalizunguka jipu la Eufemio lililorefuka.

"Shemeji, umenunua basi?"

"Panda nikupeleke shule," alisema Wilma kutoka kiti cha pili, akifungua kifuko chake cha mikate.

Kwenye lami ndipo Eufemio alipoelewa alichokinunua. Ile gia ya nne ilipoingia, injini ilishuka sauti mpaka wakaweza kuongea kama watu walioketi jikoni. Orlando alikuwa mbele, injini yake ikilia kwa uchungu, mwendo wa mayai. Eufemio akampita taratibu na kumpungia mkono.

Korongoni mambo yalikuwa mengine. Huko hakuna gia ya kupumzika. Ni kutambaa, kusukuma, kungoja tairi lishike. Vidato viwili vya kwanza jipu lilivipanda bila kuinua pua, vile vile Eufemio alivyosema. Wilma alikuwa ameinama, kiganja kimebandikwa kwenye bati la sakafu juu ya giaboksi.

Chini ya kidato cha tatu akasema, "Simama."

"Hapa? Wote wanatazama."

"Simama. Weka nyutro, acha injini itembee. Oili inaiva."

Kipozea cha lori bovu kilikuwa kinafanya kilichoweza, nacho hakikuweza mengi. Watu waliokuja kutazama walikuwa wameketi mwambani na burgeri za pilipili ya kuchoma. Orlando akapita kando yao, akapanda kidato, akafika juu na kupiga honi.

"Shemeji, nikuitie trela sasa hivi au ule kwanza?"

Mguu wa Eufemio ulikuwa juu ya pedali. Wilma hakumtazama, alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Eufemio akauondoa mguu. Wakakaa hapo muda wa kutosha kwa kila mtu mwambani kutoa utani wake. Wilma akala mikate yake yote miwili. Kisha akagusa tena bati.

"Haya. Polepole."

Wakapanda hadi juu.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamepanda, na kilichobaki kilikuwa kurudi. Hapo Eufemio aliacha kuwa dereva, akawa mfanyabiashara. Alimwacha Orlando atangulie. Walipoingia barabara kuu akamfuata mpaka karibu, akampita, akapunguza mwendo. Orlando akampita. Eufemio akampita tena, safari hii na kiwiko dirishani.

"Unamvuta," alisema Wilma.

"Nani, mimi? Naenda nyumbani."

Orlando, ambaye miaka yote alirudi salama kwa sababu ya subira, siku ile ilimwishia. Hakuweza kuvumilia kupitwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemcheka muda si mrefu uliopita. Akakanyaga. Injini yake isiyo na gia ya kupumzika ikalia kwa sauti iliyowafanya ng'ombe wa kando ya barabara wageuke. Maili ishirini hivi kabla ya nyumbani ikaanza kugonga, kisha moshi, kisha kimya. Alikuwa amesimama kando, boneti juu, Eufemio alipopunguza mwendo.

"Nikuvute, shemeji?"

"Hiyo haimo kwenye dhamana," alisema Wilma kabla Orlando hajajibu.

Orlando akarudi kwa trela. Mwezi wa Machi alichimba, na kwa sababu ni mtu wa haki alichimba vizuri, ingawa hakusema na Eufemio neno lolote mpaka maji yalipofunguliwa.

Hesabu nyingine ilikuwa imeshaanza kugeuka. Novemba, dada yake Wilma alihamia mjini kwa ajili ya matibabu, na kondoo wake wakahamia zizi la Bloomfield. Eufemio alikuta zizi limejaa mara mbili.

"Tulisema kondoo wako," alimwambia.

"Tulisema kondoo. Na wako kwangu."

Theluji ikaja kidogo, halafu ikakatika kabisa. Bei ya nyasi ikapanda Januari, ikapanda tena Februari, watu wakaja kutoka mbali kuulizia. Aprili ikafika bila majani. Eufemio akamtaka wamalizane kwa dola elfu nne taslimu, ile bei ya kwanza. Wilma akacheka mpaka akakaa chini. Eufemio akaongeza elfu moja. Wilma akamuuliza kama kondoo wanatafuna noti. Angeweza kugoma, lakini alikuwa amempa mkono, na katika bonde lile mchuuzi asiyetimiza mkono wake huishia kuuza nyasi kwa wageni tu. Akaendelea kupeleka mpaka katikati ya Mei.

Wilma hakupoteza hata kondoo mmoja, na mwezi huo huo Orlando alifika bandani kwake kuulizia giaboksi yenye ovadraivu. Alimtajia elfu tano, bila nafasi ya kubembeleza. Eufemio alipata jipu linalokwenda na kurudi, na mfereji uliochimbwa na mtu mwingine. Ukipiga hesabu kwa bei ya Machi, ile giaboksi ilimgharimu zaidi ya dola elfu tisa, na wateja waliofika wakati nyasi zilikuwa ghali kuliko alivyopata kuona maishani walikuta maghala mawili kati ya matatu yakiwa matupu, yamefagiliwa.