Waya wa Mnara na Masale

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya redio hapa Arusha. Mbele yangu mama mmoja wa Kimeru alikuwa akimlalamikia karani.

"Waya unaoshikilia mnara wa redio umekatiza njia yetu ya sokoni," alisema, akiweka kiganja shingoni. "Jana ulimkaba mke wa mwanangu hapa, kwenye ukungu. Alianguka na mkungu wa ndizi, naye ni mjamzito."

"Pole, mama. Lakini kibao cha hatari si kipo?"

"Mwenye mzigo kichwani anatazama anapokanyaga, mwanangu. Tena wengi wetu hatusomi."

Karani alikuna kichwa. "Sasa tufanyeje?"

"Pandeni masale, ile mimea yetu ya mipaka, chini ya waya hadi pale ulipofungwa ardhini. Wewe ukikuta masale kwenye mpaka wa mtu, unayaruka?"

"Sithubutu! Haya, nitawaandikia wakubwa."

"Andika. Mimi nakwenda kukata masale."

Jumamosi nilipita kwenye njia ile ya mnara. Wanawake wenye mizigo walikuwa wakiyazunguka masale mapya bila kuinua macho. Niliacha shule darasa la nne, na kila siku nilipopita hapo nilijivunia kukisoma kibao kile cha hatari. Sikuwahi kujiuliza ni nani asiyeweza.