Kitambaa Chekundu Mlangoni kwa Mama Truphosa

Mama Truphosa alinipokea mlangoni kwake mwezi wa pili, mwaka wa 1957, nikiwa na Hezekiah mgongoni na sanduku moja mkononi. Alimtazama mwanawe Micah, mume wangu, akasema, "Umeniletea mgeni ama umeniletea kazi?" Kisha akamchukua mtoto, akamnusa shingoni, na hivyo ndivyo tulivyoingia.

Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za reli hapa Nakuru, tunazoziita landi: chumba kimoja na jiko la kutosha mtu mmoja. Micah alikuwa amepoteza kazi kwenye shamba la mzungu huko Njoro, na nyumba ikaenda na kazi. Kwao Kimilili hakuwa amejenga bado, na mke hatangulii mahali ambapo mumewe hana nyumba. Alipata kibarua cha kupakia mahindi, akawa analala kwa rafiki yake Kimutai, maana mwana aliyeoa halali chumba cha mamake. Mimi na mtoto tukabaki. Kwa siku chache, tulisema.

Shida ilikuwa Baba. Kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hawatazamani usoni. Mzee Wamalwa, mume wa Mama Truphosa, alikuwa mtu wa kubadilisha njia za gari moshi, mtu wa bendera na taa. Hakulalamika. Alikwenda akaomba zamu ya usiku, akawa anarudi saa moja asubuhi kulala, na mimi natoka na mtoto mpaka jioni. Nilikaa kwa jirani, Chepkurui, mstari wa nyuma.

Mama ndiye aliyefikiria kitambaa. Alikata kipande cha gauni lake kuukuu, jekundu, akapigilia msumari nje ya mlango, akakitundika. "Kikiwa hapo, uko ndani. Ukitoka, kitoe. Huyu mzee hajawahi kupita bendera nyekundu tangu aandikwe kazi."

Hata hivyo Mama hakuondoka nyumbani. Chakula nilichopika mimi lazima amwandalie mzee yeye. Nikisahau nepi ndani, ni yeye wa kunitolea. Zamani, Chepkurui aliniambia, hakuna mwanamke aliyejifungua katika landi zile bila Mama Truphosa kufika na uji kabla ya jua kupanda, na ungesikia wimbo wake kabla ya kumwona. Mimi nilimkuta akiimba kwa sauti ndogo, ameketi kizingitini, kama mtu aliyewekwa kulinda. Hata kanisani aliacha kwenda.

Mwezi wa sita barua ilikuja kutoka Kimilili. Mimi ndiye niliyesoma, kwa sababu nilifika darasa la nne. Mamake Mama Truphosa alikuwa mgonjwa, macho yamekwisha, anataka kumshika uso bintiye.

"Soma tena hapo pa macho," Mama aliniambia.

Nikasoma. Nikasema, "Nenda, Mama. Kitambaa kipo. Nitakuwa natoka mapema."

"Nikuache na mzee na mlango mmoja?"

Nilimsihi kwa wiki tatu. Mwishowe, Jumanne moja ya mwezi wa saba, alitoka alfajiri kwenda stesheni kuomba pasi ya reli ya kusafiri bure.

Asubuhi hiyo Hezekiah alinitapikia. Nikawa nabadilisha nguo, nikasikia king'ora cha kubadilisha zamu, nikamnyakua mtoto, nikafunga mlango, nikakimbia kwa Chepkurui. Kitambaa nikakiacha kwenye msumari.

Mvua ilianza mara moja. Mzee alifika, akaona nyekundu, akasimama. Owino, mwenzake wa kazi, alipita na gunia kichwani akamwuliza, "Mzee Wamalwa, unangoja gari gani hapo?"

"Sijapewa njia," alijibu.

Alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, isiyo na mtu ndani, mpaka saa nne, Mama aliporudi na pasi ameifunga ndani ya kanga isilowe. Alimkuta anatetemeka, meno yanagongana. Akakitoa kitambaa, akasukuma mlango, akaona hakuna mtu.

Mzee alishikwa na kifua. Alilala ndani wiki tatu, mchana na usiku, na mimi nikalala sakafuni kwa Chepkurui katikati ya watoto wake sita. Mama hakunikemea. Alisema tu, "Mvua ya Nakuru haina adabu." Pasi aliiweka ndani ya Biblia, na mwezi wake wa kutumika ukaisha ikiwa humo humo.

Barua ya pili ilikuja mwezi wa nane. Baba alikuwa amerudi kazini. Nilisoma polepole: wamemzika mamake Jumamosi, na kila siku alikuwa anauliza kama gari limefika. Mama aliichukua karatasi mkononi mwangu ingawa hajui kusoma. Aliiangalia mpaka chini. Nikamfunga Hezekiah mgongoni.

King'ora kikalia. Mama akaikunja barua mara nne, akaiweka pamoja na pasi.

"Mama Hezekiah," akasema, bila kugeuka. "Umetoa kitambaa?"